Kuchagua kinanda cha kujifunzia kwa bei nafuu: mwongozo kwa anayeanza Kigoma

Kinanda cha kwanza kikiwa kibovu, anayejifunza hujilaumu mwenyewe. Vidole havitui mahali pake, kila sauti inatoka kwa nguvu ileile, na baada ya muda kinanda kinapandishwa juu ya kabati na mtoto anaambiwa hana kipaji. Nafundisha wanaoanza hapa mjini, wengi wao wanakwaya na wanafunzi wa sekondari, na mara nyingi tatizo si kipaji hata kidogo. Ni vibao.

Kwa hiyo kama pesa ni ndogo, lipia vibao kwanza. Vibao ni vile vyeupe na vyeusi unavyopiga. Vitufe ni vile vya juu, vya kuchagua sauti na midundo. Muuzaji atakuonyesha vitufe, maana ndivyo vinavyowaka taa. Wewe angalia vibao.

Kwanza: kinanda cha kazi gani?

Kama lengo ni kusindikiza kwaya, kuongoza nyimbo za ibada au kupiga nyimbo unazozipenda nyumbani, unahitaji kinanda cha vibao 61 chenye spika zake. Karibu wote wanaokuja kwangu wako kundi hili, na sehemu kubwa ya ninayoandika hapa ni yao.

Anayetaka kusoma piano hasa, kwa nota za mistari mitano na muziki wa kale wa Ulaya, atahitaji vibao 88 vyenye uzito kama vya piano. Hiyo ni ngazi nyingine ya bei, na ni mzigo pia. Yamaha P-45, ambayo ni piano ya dijitali ya ngazi ya chini, ina zaidi ya kilo 11 na haitumii betri. Lakini hata huyu anaweza kuanza na 61 kwa kipindi cha mwanzo bila hasara. Piano za enzi za Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, zilikuwa na oktavu tano hivi (oktavu ni kutoka Do moja hadi Do inayofuata), na 61 ni oktavu tano na kibao kimoja.

Vijana wa kutengeneza biti ni habari nyingine. Wao wanatafuta kibodi ya MIDI, ambayo haina sauti wala spika. Inatuma ujumbe tu kwenye kompyuta au simu, na programu iliyomo humo ndiyo inayolia. Ni nyepesi na nyingine ni za bei ndogo, ila mzazi asiyejua hilo hufika nayo nyumbani, akaichomeka, ikawa kimya. Kama huna kompyuta, usiiguse kwa sasa.

Mtoto wa miaka minne au mitano mwache achezee kinanda kidogo cha kuchezea, lakini usikiite cha kujifunzia. Akianza kutafuta wimbo kwa masikio yake mwenyewe, hapo ndipo umtafutie cha kweli.

Pili: gawa pesa kabla ya kuuliza bei

Watu wengi hubeba pesa yote dukani, wanaimaliza kwenye kinanda, kisha wanapiga wakiwa wamekilaza kitandani kwa sababu hakuna stendi, na betri zikiisha wanasubiri mwisho wa mwezi. Tenga kama fungu moja kati ya matano kwa vitu vya pembeni. Ukiwa na laki tano, basi kinanda kisizidi laki nne. Inayobaki inunue adapta sahihi kama haimo kwenye boksi, kisha hedifoni, kisha stendi, na mwisho pedali, ile ya kukanyaga kwa mguu ili sauti iendelee. Kwa mpangilio huohuo.

Hedifoni naziweka mbele ya stendi kwa makusudi. Nyumba zetu zimebanana, na anayejifunza anarudia mstari mmoja mara nyingi sana. Asipoweza kupiga usiku bila kumsumbua jirani, hatapiga. Stendi unaweza kuichelewesha ukiwa na meza imara, ili mradi ukikaa viwiko vyako viwe sawa na vibao, mabega yasipande.

Bei hubadilika na hutofautiana kati ya duka na duka, kwa hiyo uliza sehemu tatu angalau, na mara zote uliza hivi: hii bei ni pamoja na adapta?

Tatu: pima vibao kwa rula

Nenda dukani na rula ya shule ya sentimita 30. Weka sifuri kwenye ukingo wa kushoto wa kibao chochote cheupe, kisha hesabu vibao vyeupe saba kwenda kulia. Kwenye piano, saba hivyo huchukua sentimita 16 na nusu, au pungufu kidogo sana. Kinanda chenye vibao vya ukubwa kamili kitakupa kipimo hicho, au tofauti ya milimita chache tu. Ukipata sentimita 14 au pungufu, hivyo ni vibao vidogo, hata kama boksi linasema 61.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu mkono hujifunza umbali. Anayeanza anapofika hatua ya kupiga Do ya chini kwa kidole gumba na Do ya juu kwa kidole cha mwisho, mkono wake unahifadhi nafasi hiyo bila yeye kufikiri. Akiihifadhi kwenye vibao vidogo, siku atakayokaa kwenye kinanda cha kanisani kila kitu kitakuwa mbali, na itabidi aanze upya. Nimewaona vijana wazuri wakikwama hapo, na inaumiza, maana walikuwa wamejituma kwelikweli.

Kuna njia nyingine ya haraka kama unaangalia picha kwenye simu na huwezi kupima. Vibao 61 vina vyeupe 36, na vya ukubwa kamili vikipangwa hufikia takriban sentimita 85. Kwa hiyo kinanda chenyewe lazima kizidi hapo. Muuzaji akikwambia kina vibao 61 na urefu wake wote ni sentimita 75, umeshapata jibu.

Idadi nayo? Vibao 37 ni oktavu tatu, ni kidogo mno kwa mikono miwili. Vibao 49 ni oktavu nne, na vitakutosha mpaka utakapotaka mkono wa kushoto upige besi na wa kulia upande juu, hapo vinaanza kubana. Vibao 61 kwa kawaida huanzia oktavu mbili chini ya C ya kati (ile iliyo karibu na katikati ya piano) na kufika oktavu tatu juu yake. Sauti zote nne za kwaya, kuanzia besi hadi soprano, zinaingia humo na nafasi inabaki. Kwa wanakwaya wetu wanaosoma solfa, hicho ndicho kipimo kinachotosha.

Nne: kibao kiitikie mkono

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Kinanda kinachoitikia mguso, ukibonyeza taratibu kinalia taratibu, ukipiga kwa nguvu kinalia kwa nguvu. Kwenye boksi huandikwa "Touch Response" au "Touch Sensitive". Kisicho na sifa hiyo hulia kwa kiwango kimoja daima, ukiguse au ukipige ngumi.

Ndani yake ni jambo rahisi. Chini ya kila kibao kuna mpira wenye vidoa vya kaboni. Unapobonyeza, mguso mmoja hutokea kabla ya mwingine, na kinanda hupima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, kinanda kinajua umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, kinajua umepiga taratibu. Kumbuka jambo hili, maana litatusaidia tena tutakapofika kwenye vinanda vilivyotumika.

Bila kuitikia mguso, mwanafunzi hajui kwamba kidole chake cha nne ni dhaifu kuliko cha pili, kwa sababu vyote vinatoa sauti ileile. Hajifunzi kuinua sauti kuu ya wimbo juu ya zile za kusindikiza. Anajifunza kubonyeza, hajifunzi kupiga. Mwalimu naye hasikii kosa ili amsaidie.

Kwa upande wa Yamaha kuna njia rahisi ya kukumbuka. Katika mfululizo wa PSR-E, namba ikianza na 2, kama PSR-E273, haina uwezo huu. Ikianza na 3 au 4, kama PSR-E373 au PSR-E463, inao. PSR-F51 na F52, ambazo ni za bei ya chini zaidi, hazina. Kwa Casio, CT-S100 na CT-S200 hazina, CT-S300 inayo, na CT-X700 inayo pia.

Sasa angalia namna idadi ya sauti inavyopoteza watu. PSR-E273 ina sauti 401. PSR-E373 ina 622. Muuzaji atakwambia umeongeza pesa ili upate sauti 221 zaidi. Hapana. Umeongeza pesa ili vibao vikusikie. Kati ya sauti hizo zote, anayeanza atatumia piano, organi, violini za pamoja, na labda filimbi moja. CT-S200 ina sauti 400 na bado haikusikii unapopiga taratibu.

Kuna hali moja tu ambayo ningekuruhusu kuacha sifa hii. Kama kazi yako yote itakuwa kusindikiza nyimbo za ibada kwa sauti ya organi, basi organi halisi ya mabomba nayo haibadilishi ukubwa wa sauti kwa nguvu ya kidole. Kinanda kama PSR-E273 kitakutumikia vizuri na utabakiwa na pesa. Ila ukijua kwamba mtoto wa nyumbani naye atakitumia kujifunza piano, ongeza pesa kidogo.

Mambo mengine ya kuangalia, kwa haraka

Idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja: 32 zinatosha kwa anayeanza, 48 ni nzuri. Midundo ya kujipiga yenyewe isikuvutie sana, japo mwanafunzi akiweka mdundo wa polepole badala ya metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) anafurahi zaidi na anakaa kwenye mapigo. Tundu la pedali liwepo hata kama pedali utainunua mwakani. Tundu la USB la kuunganisha kompyuta ni faida, si lazima.

Transpozi, yaani uwezo wa kupandisha au kushusha wimbo mzima huku ukipiga vibao vilevile, ipo karibu kwenye kila kinanda cha vibao 61. Ni msaada mkubwa kwa mpiga kinanda wa kwaya, kwa kuwa mwalimu wa kwaya anaweza kutaka wimbo upande nusu hatua dakika moja kabla ya ibada. Itumie, lakini usiiache iwe mkongojo. Jifunze kupiga kwa mikono yako kwenye C, F, G na D kwanza. Wapo wapigaji wa miaka mingi ambao transpozi ikiharibika wanakaa kimya, na haikupaswa kuwa hivyo.

Tano: umeme, na hapa Kigoma usipuuze

Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na hata sasa kila anayeishi hapa anajua umeme kukatika. Vijiji vya mwambao wa ziwa, vinavyofikiwa kwa boti, vingi vinategemea sola. Kinanda kisichotumia betri kitakuangusha siku ya ibada. Chagua kinachokubali betri. PSR-F52, PSR-E373 na CT-S300 zote zinatumia betri sita ndogo za saizi ya AA, zile za rimoti. Nunua za alkalaini au za kuchaji, zote sita za aina moja na kwa wakati mmoja. Betri za kawaida za bei ya chini huisha haraka sana, na zikiachwa ndani hutoa maji yanayokula vyuma. Usipotumia kinanda kwa wiki kadhaa, zitoe.

Adapta isiyo sahihi huua vinanda vingi. Yamaha nilizozitaja za PSR-E zinatumia volti 12. Casio CT-S300 na CT-X700 zinatumia volti 9.5. Kinanda kikubwa kama PSR-S670, kinachopendwa makanisani, kinatumia volti 16. Ncha za adapta zinafanana na kuingia zinaingia, ndiyo hatari yenyewe. Kabla ya kuchomeka, soma vitu vitatu karibu na tundu la kinanda na kwenye adapta: volti ziwe sawa, ampea za adapta zisipungue zile ambazo kinanda kinataka, na alama ya duara lenye jumlisha na toa iwe imeelekea upande uleule. Kimojawapo kikikataa, acha.

Kwa kinanda kilichotumika kilichotoka Japani au Marekani, geuza adapta usome maandishi ya kuingizia umeme. Ikiandika 100-240V, ni salama kwa umeme wetu wa volti 230. Ikiandika 100V peke yake au 120V, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Tafuta adapta nyingine yenye volti sahihi za kutolea.

Swali linalokuja mara nyingi kutoka vijijini ni hili: kinanda cha volti 12, betri ya sola ni ya volti 12, si nichomeke moja kwa moja? Usifanye hivyo. Betri ya sola iliyojaa ikiwa imetulia ina volti 12.6 hivi, na jua likiwa linaichaji hupanda mpaka 14 na zaidi. Kinanda kilitegemea 12 iliyotulia. Tumia inveta ndogo na adapta yake halali. Vinanda hivi vidogo vinakula chini ya wati 10, kwa hiyo hata inveta ndogo kabisa inaviweza na taa zako hazitasikia.

Na radi. Masika yetu yana radi kali kutoka ziwani. Wingu likikaribia, chomoa adapta ukutani, piga kwa betri.

Sita: ukifika dukani

Maduka ya Mwanga, hapa mjini, yanayouza redio, spika na vifaa vya umeme huwa na vinanda mara kwa mara, ingawa chaguo si kubwa. Usinunue kilichofungwa kwenye nailoni bila kukijaribu. Muuzaji atabonyeza kitufe cha wimbo wa maonyesho, na kinanda kitajipiga chenyewe vizuri ajabu. Wimbo ule umehifadhiwa ndani na hauthibitishi chochote kuhusu vibao. Nilimpenda mama mmoja aliyekuja na kijana wake. Muuzaji alimwambia, "Mama, hiki kina nyimbo zaidi ya mia, kinapiga chenyewe." Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, wimbo nataka apige huyu. Hebu kizime kwanza, tumsikilize yeye."

Fanya hivi. Omba kiwashwe, zima midundo, chagua sauti ya piano, weka sauti katikati. Usitumie organi kwa jaribio hili, maana inaweza kuficha tatizo. Bonyeza kibao kimoja kwa ncha ya kidole taratibu kabisa, kisha kipige kwa nguvu. Usiposikia tofauti, muulize muuzaji kama uwezo huo umezimwa, kwa sababu kwenye vinanda vingi unaweza kuwashwa na kuzimwa. Akikosa jibu, angalia namba ya modeli.

Halafu anza na kibao cha mwisho kushoto, nenda kimoja kimoja mpaka cha mwisho kulia, vyeupe na vyeusi, kwa nguvu ileile. Ni vibao 61, haichukui dakika mbili. Sikiliza kinachokaa kimya, kinachopaza kuliko wenzake, na kinachochelewa kurudi juu. Shikilia kibao kimoja cha katikati mpaka sauti ife yenyewe. Ife taratibu bila kukatika ghafla. Panda sauti karibu na mwisho, piga besi, usikie kama spika zinakwaruza. Chomeka hedifoni zako, kwa kuwa matundu hayafanani: CT-S300 ina tundu dogo kama la simu, PSR-E373 ina tundu kubwa la milimita 6.35 na utahitaji kipunguzio. Mwisho tikisa waya wa adapta pale unapoingia. Kinanda kikizimika, tundu limelegea.

Usione haya kuchukua muda. Pesa ni yako, na muuzaji mwema hakasiriki ukijaribu.

Kama ni kilichotumika

Kwa maoni yangu kinanda cha mtumba chenye kuitikia mguso ni bora kuliko kipya kisicho nacho, ukikikagua vizuri. PSR-E za miaka ya nyuma zinazoanza na 3 bado ni vinanda vizuri vya kujifunzia.

Fungua kwanza sehemu ya betri. Unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri ni ushahidi kwamba betri zilimwaga humo. Kinanda kinaweza kufanya kazi kwa adapta, lakini bei ishuke. Geuza uangalie skrubu za chini. Hewa ya karibu na ziwa ina unyevu, na skrubu zilizoshika kutu zinakwambia kinanda kilikaa wapi. Tikisa taratibu usikie kama kuna kinachobingirika. Nusa pia, kwa sababu mende hupenda kukaa ndani ya vinanda vinavyobaki na joto.

Kibao kinachonyamaza, au kinacholia kwa nguvu kupita kiasi hata ukikigusa tu, mara nyingi kina vumbi au uchakavu kwenye vile vidoa vya kaboni nilivyovieleza. Mguso mmoja ukishindwa, kinanda hakiwezi kupima muda. Kikiwa kimoja au viwili, fundi mwenye mkono mwepesi hukifungua na kusafisha mipira na saketi kwa spiriti safi, na mara nyingi vinarudi. Tumia hilo kupunguza bei. Vikiwa kumi, achana nacho.

Kioo cha skrini kikiwa na mistari iliyofifia, kinaweza kuishi. Kitufe cha sauti kikikwaruza unapokizungusha, ni uchafu tu. Hivyo viwili visikuogopeshe.

Kama unaagiza Dar es Salaam

Chaguo Kariakoo ni pana zaidi, na bei mara nyingi ni nafuu hata ukiongeza nauli ya mzigo. Bora umtume ndugu au mwanakwaya mwenzako aliyeko huko afanye majaribio yale yote. Kama hayupo, mwombe muuzaji akupigie kwa video, apite kibao kimoja kimoja huku ukisikiliza, kisha akuonyeshe namba ya modeli na namba ya utambulisho ya kinanda (serial number) iliyo chini yake. Lipa baada ya hapo, na dai risiti yenye namba hizo mbili.

Kisafirishwe ndani ya boksi lake la asili lenye maboya ya kuzuia mtikisiko. Kwenye basi au treni ya reli ya kati, safari ni ndefu, na kinanda kikilaliwa na magunia vibao huvunjika mizizi. Andika "kisilaliwe" pande zote. Ukiendelea kwa boti kwenda vijiji vya mwambao, kivishe nailoni nzima juu ya boksi. Kikifika, kijaribu mbele ya aliyekileta kabla hamjaagana, na hakikisha adapta imo.

Kikishafika nyumbani

Kifunike kwa khanga au kitambaa kila unapomaliza, vumbi la kiangazi likiingia kwenye vibao ndipo ule ugonjwa wa kunyamaza unapoanza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, bila dawa za kung'arishia. Usikiweke dirishani jua linapopiga, wala chini sakafuni wakati wa mvua. Watoto wasile wakiwa mbele yake.

Kikiunganishwa na mixa ya kanisani, shusha sauti ya kinanda na ya mixa kabla ya kuchomeka waya, kisha pandisha taratibu. Kwenye vinanda vingi vya ngazi hii tundu la hedifoni ndilo hilohilo la kutolea sauti, kwa hiyo spika zake zitanyamaza ukichomeka. Hakijaharibika.

Mwanafunzi akianza, muwekee sauti ya piano na kuitikia mguso kukiwa kumewashwa, hata kama vidole vyake bado vinatoa sauti zisizolingana. Atavisikia, na atavirekebisha.